Polisakaridi za Mitishamba ya Kichina: Uliza Njia, Uliza Kiasi

Kata bamia mbichi utazame uzi unaoning'inia kwenye kisu. Utelezi ule ni polisakaridi, yaani mnyororo wa sukari ndogondogo zilizoshikana kwa mamia au kwa maelfu. Wanga wa ugali ni polisakaridi, na pamba ya kanga ni polisakaridi pia. Kinachozitofautisha ni aina ya sukari zilizoshikana na upande ziliposhikania. Tunaanzia jikoni kwa makusudi, kwa sababu neno hili likichapwa kwenye kopo la vidonge vya uyoga wa lingzhi au vya mzizi wa huangqi huonekana kama jina la dawa mpya, na bei hupanda pamoja nalo. Kumbe ni jina la ukoo mzima. Anayekwambia kidonge kina polisakaridi hajakwambia mengi kuliko anayekwambia chupa ina majimaji ndani yake: huenda ni maziwa, huenda ni mafuta ya taa.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayefikiria kununua bidhaa hizo, na kwa mwenye mgonjwa nyumbani ambaye ameshaletewa. Hoja yake ni moja. Polisakaridi za mitishamba ya Kichina zina nguvu ya kweli, lakini nguvu hiyo hutegemea njia ziliyoipitia kuingia mwilini na kiasi kilichofika. Ushahidi uliopatikana kwa sindano hauhamii kwenye kidonge, wala ushahidi wa gramu tatu hauhamii kwenye miligramu mia moja. Wauzaji wengi hawasemi uongo mtupu. Huchukua ukweli wa njia moja wakaubandika kwenye njia nyingine. Ukishika maswali hayo mawili, la njia na la kiasi, utaweza kulipima karibu kila tangazo utakaloliona, hata kama hujawahi kukanyaga maabara.

Chungu cha maji, chupa ya pombe

Tiba ya Kichina ilijua kuzitoa polisakaridi kwenye mmea karne nyingi kabla ya jina lenyewe kutungwa. Shennong Bencao Jing, kitabu cha dawa kilichokusanywa zama za utawala wa Han, kinaorodhesha dawa 365, na huangqi na lingzhi zimewekwa daraja la juu, la vitu vinavyofaa kutumiwa muda mrefu. Li Shizhen, aliyekamilisha Bencao Gangmu mwaka 1578 na kitabu hicho kikachapwa 1596 baada ya yeye kufariki, aliorodhesha dawa 1,892. Njia kuu ya kuandaa mizizi na magome katika mapokeo hayo ni kuchemsha polepole katika maji, na maji ya moto ndiyo hasa yanayovuta polisakaridi kutoka ndani ya mmea. Maabara za leo hufanya vilevile: huchemsha, huchuja, hupunguza maji, kisha humimina pombe kali hadi minyororo ile ijikusanye na kuzama kama mabonge meupe. Hapo pana somo la kwanza la vitendo. Anayeloweka huangqi katika pombe kali huenda akapata viambato vingine vya mzizi huo, lakini polisakaridi nyingi ameziacha kwenye makapi. Ukitaka polisakaridi, chungu ndicho chombo chake, na dawa ya matone iliyotengenezwa kwa pombe haistahili kuuzwa kwa sifa za polisakaridi.

Linganisha na dawa nyingine ya Kichina ambayo nyumba nyingi za Afrika Mashariki zimeshaionja bila kuwaza inakotoka. Tu Youyou alipokuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa qinghao, dondoo zilizochemshwa hazikumpa matokeo ya kutegemewa. Alirudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, yaliyoelekeza kuloweka mmea na kukamua maji yake pasipo kutaja moto, ndipo mwaka 1971 akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto la nyuzi 35 tu. Kilichotoka kilizaa artemisinini, na yeye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kidonge cha kawaida cha dawa mseto ya ALU kina miligramu 20 za artemeta, inayotengenezwa kutokana na artemisinini hiyo, na miligramu 120 za lumefantrini. Tazama namna kidonge hicho kinavyojieleza: molekuli inajulikana, kipimo kinajulikana, na kila molekuli ni sawa na mwenzake. Polisakaridi hazijafika hapo. Mnyororo wa huangqi iliyochimbwa mwaka wake wa pili haulingani na wa mzizi mkongwe, udongo huubadilisha, na saa ya ziada jikoni huukata vipande. Kwa hiyo hata pale utafiti mzuri unapokuwepo, umeipima dondoo iliyoandaliwa kwa namna yake, nawe unapaswa kuuliza kama kopo lililo mkononi mwako lina dondoo hiyo au lina jamaa yake wa mbali.

Kinachomezwa hufika wapi

Tuanze na njia ya mdomo, maana ndiyo ya watu wengi. Mwili wa binadamu una vimeng'enya vya kuvunja wanga wa ugali na viazi, lakini minyororo mingi ya mimea mingine huushinda. Hesabu ya jeni zetu inaonyesha vimeng'enya visivyozidi 17 vya kusaga sukari za chakula, wakati bakteria mmoja tu wa utumbo, Bacteroides thetaiotaomicron, anavyo zaidi ya 260. Hivyo polisakaridi ya lingzhi au ya gouqi, yale matunda mekundu madogo, ikimezwa hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba ikiwa karibu nzima, ikafika utumbo mpana, na huko bakteria huichachusha na kuigeuza kuwa asidi fupi. Mojawapo, butireti, ni chakula cha seli zenyewe za ukuta wa utumbo mpana. Zile za utelezi hufanya kazi nyingine njiani: huufanya uji wa tumboni uwe mzito, sukari ikaingia damuni taratibu, na hushika asidi za nyongo zikatoka nazo, ini likalazimika kutumia lehemu ya damu kutengeneza nyongo nyingine. Mambo haya yamepimwa kwa watu, yakakubaliwa na mamlaka kali. Beta-glukani ya oti ilipewa kibali cha kutajwa kuwa hupunguza hatari ya maradhi ya moyo nchini Marekani mwaka 1997, kwa sharti la gramu 3 kwa siku. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imekubali kuwa glukomanani ya kiazi cha konjac, chakula cha tangu zamani Uchina na Japani, husaidia kudumisha kiwango cha kawaida cha lehemu kwa gramu 4 kwa siku.

Sasa weka gramu hizo kando ya mitishamba inayosifiwa. Kitabu rasmi cha dawa cha Uchina huweka kiwango cha chini cha polisakaridi kwa baadhi ya mimea: gouqi zisipungue asilimia 1.8, lingzhi asilimia 0.9, huangjing asilimia 7, na tiepi shihu, mmea wa jamii ya okidi, asilimia 25. Kitabu hichohicho kinaelekeza gramu 6 hadi 12 za gouqi au za lingzhi kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Gramu 12 za gouqi zilizofikia kiwango cha chini zina takriban gramu 0.2 za polisakaridi, na gramu 12 za lingzhi zina takriban gramu 0.1. Mmea bora unaweza kuzidi hapo, lakini kutoka 0.1 hadi 3 ni safari ndefu. Shihu ndiyo inayofikia gramu tatu kwa urahisi. Ila mnyororo wake si ule wa oti, na majaribio mazuri kwa watu wanaoumwa bado ni machache. Kwa hiyo bakuli la supu ya gouqi ni chakula kizuri, na kijiko cha gouqi kwenye chai hakina ubaya kwa mtu mzima mwenye afya. Kutarajia kijiko hicho kishushe lehemu au sukari ya damu kama dawa ni kukidai kitu ambacho hesabu yake haikiruhusu.

Hapo mtu atapinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema dawa hupimwa kwa miligramu, si kwa gramu, basi kwa nini gramu 0.1 isitoshe? Jibu linarudi kwenye njia. Miligramu 20 za artemeta hutosha kwa sababu ni molekuli ndogo inayopenya ukuta wa utumbo na kuingia damuni. Mnyororo wenye uzito unaozidi huo kwa mamia au kwa maelfu hupenya kwa shida sana. Majaribio ya wanyama yameonyesha kuwa seli za kinga zilizopangwa kwenye ukuta wa utumbo zinaweza kunyakua kiasi kidogo na kupeleka habari mbali zaidi, kwa hiyo kusema hakuna lolote linalotokea kungekuwa kosa la upande wa pili. Lakini seli kuamka ni jambo moja, na mgonjwa kupona ni jingine. Katikati yao panahitajika majaribio ya watu, na hapo ndipo ghala la wauzaji wengi huwa tupu.

Kinachopita kwenye mshipa

Njia ya pili ni sindano, na sifa kubwa za polisakaridi katika saratani zilizaliwa huko. Mwaka 1969 Goro Chihara na wenzake wa Tokyo walieleza lentinani, beta-glukani waliyoitoa kwenye uyoga wa shiitake, ambao Wachina huuita xianggu. Uyoga si mmea kwa hesabu ya wanabiolojia, lakini duka la dawa za Kichina huuweka rafu moja na mizizi, nasi tutaufuata huko. Japani iliiruhusu lentinani mwaka 1985 kwa saratani ya tumbo iliyosambaa au isiyowezekana kupasuliwa, ikitolewa mshipani pamoja na dawa za kemikali za kuua saratani. Sababu ya kufanya kazi ilieleweka zaidi mwaka 2001, Gordon Brown na Siamon Gordon walipoonyesha kuwa protini iitwayo Dectin-1, iliyo juu ya seli nyeupe, ndiyo kipokezi cha beta-glukani. Kuta za fangasi zimejengwa kwa beta-glukani. Seli nyeupe ikiigusa hudhani fangasi amevamia, ikapiga mbiu. Ni ujanja wa kuamsha walinzi kwa kengele ya uongo, na kengele hiyo inasikika kwa sababu imepelekwa damuni walipo walinzi. Vivyo hivyo Taiwan mwaka 2010 iliruhusu sindano ya polisakaridi za huangqi kwa ajili ya uchovu mkali wa wagonjwa wa saratani iliyokomaa. Soma tena sentensi hiyo: ruhusa ni ya uchovu, haikugusa uvimbe. Kidonge cha huangqi kinachouzwa kwa jina la kupambana na saratani kinaazima heshima ya sindano iliyokusudiwa kumpa mgonjwa nguvu ya kuamka kitandani.

Njia ya mshipa ina gharama yake pia. Kitu kinachotoka kwenye mmea kikiingia damuni hakipiti kwenye ulinzi wa tumbo na ini, na uchafu kidogo unaweza kumwangusha mtu kwa mzio. Mwaka 2006 Uchina yenyewe, yenye uzoefu kuliko nchi yoyote, ilisimamisha sindano za mmea wa yuxingcao baada ya taarifa za madhara makubwa na vifo. Basi shika kanuni hii bila kuilegeza: usikubali dripu wala sindano ya mitishamba nje ya hospitali iliyosajiliwa, yenye daktari aliyeagiza dawa hiyo kwa jina na vifaa vya kumwokoa anayepatwa na mzio. Mtu anayetundika dripu ya mizizi chumbani anachezea maisha ya mgonjwa, hata awe na nia njema kiasi gani.

Kuna ushahidi mmoja unaoonekana kuipindua hoja yetu, na haifai kuuficha. Dawa ya Krestin, iliyotolewa kwenye uyoga ambao Wachina huuita yunzhi, iliruhusiwa Japani mwaka 1977, nayo ilikuwa ya kumeza. Jaribio lililochapishwa mwaka 1994 lilihusisha wagonjwa 262 waliopasuliwa saratani ya tumbo: waliopewa dawa hiyo pamoja na tiba ya kemikali walikuwa hai kwa asilimia 73 baada ya miaka mitano, na waliopewa tiba ya kemikali peke yake asilimia 60. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini angalia masharti yake. Kipimo kilikuwa gramu 3 kwa siku. Dondoo ilitengenezwa kiwandani kwa utaratibu mmoja, mnyororo wake ukiwa umefungamana na protini. Na kila mgonjwa alikuwa ameshapasuliwa na bado anapata dawa za hospitali. Jaribio hili halisemi kuwa uyoga wowote kwenye kapsuli yoyote unatibu saratani. Linasema kuwa dondoo moja, kwa gramu zinazoeleweka, iliongeza nguvu ya tiba iliyokuwa inafanya kazi. Anayekuuzia yunzhi ya miligramu 300 badala ya upasuaji amekukatia kipande cha ushahidi kinachomfaa yeye.

Mbona tafiti ni maelfu?

Pingamizi la pili husikika mara nyingi zaidi: tafiti za polisakaridi za Kichina ni maelfu, inawezekanaje zote ziwe hazina maana? Zina maana, ila nyingi zimefanywa kwenye vichupa na kwa panya. Katika kichupa mtafiti humimina polisakaridi moja kwa moja juu ya seli. Safari nzima ya mdomo na utumbo, ambayo ndiyo kikwazo, imerukwa. Zaidi ya hayo, mizizi hutoka udongoni, na udongoni kuna bakteria ambao kuta zao zina endotoksini, kitu kinachoamsha seli nyeupe kwa kiasi kidogo mno. Maabara isiyoipima endotoksini inaweza kuusifu mzizi kwa kazi iliyofanywa na uchafu. Kipimo cha kupambana na oksidisho nacho, kinachofanywa kwa kuona kama dondoo inafuta rangi kwenye kichupa, mimea mingi hukipita, na chai ya rangi huvuka bila jasho. Ukisoma utafiti wa panya, geuza kipimo kabla ya kushangilia. Panya huvumilia dozi kubwa kwa uzito wake, kwa hiyo wataalamu hugawanya kwa takriban 12 kupata kipimo cha binadamu: miligramu 200 kwa kila kilo ya panya ni kama gramu moja kwa mtu wa kilo 60. Kama kopo linakupa miligramu 100, umenunua sehemu ya kumi ya kile ambacho hata panya walihitaji.

Watu wenyewe walipopimwa, majibu yamekuwa ya wastani. Mapitio ya taasisi ya Cochrane kuhusu lingzhi na saratani yalikusanya majaribio matano yenye washiriki 373, yakahitimisha kuwa hakuna ushahidi wa kutosha wa kuifanya tiba ya kwanza, ingawa inaweza kufikiriwa kama nyongeza pembeni ya tiba ya hospitali. Mapitio mengine ya mwaka 2015, majaribio matano na washiriki 398, hayakupata ushahidi wa kuunga mkono lingzhi kwa sukari ya damu au vihatarishi vya moyo kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Hayo ndiyo majibu ya njia ya mdomo kwa vipimo vya kawaida, na yanalingana na hesabu tuliyoipiga mapema.

Pingamizi la tatu ni la umri: dawa iliyotumika miaka elfu mbili ingekuwa haifai, si watu wangeiacha? Matumizi marefu ni ushahidi, tena wa thamani, lakini wa aina fulani. Yanatambua haraka sumu ya papo kwa papo na nafuu ya papo kwa papo. Hayatambui figo inayoharibika polepole. Mapema miaka ya 1990, wanawake wengi mjini Brussels waliotumia vidonge vya kupunguza uzito vyenye mitishamba ya Kichina waliharibikiwa figo. Mzizi wa fangji ulikuwa umebadilishwa na mmea wa jamii ya Aristolochia, wenye asidi inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Pia, huo umri wa miaka elfu mbili ni wa chungu na supu. Dondoo iliyokolezwa mara kumi na kufungwa kwenye kapsuli ni kitu kipya, na haiwezi kurithi umri wa babu yake kwa kuitwa jina lake. Ukiheshimu mapokeo hayo kweli, yafuate yanavyofanya: mmea uliotambuliwa, kwa gramu zilizoandikwa, uliochemshwa.

Kilichomo ndani ya kopo

Tuseme umeridhika na njia na kiasi. Bado hujui kama kiasi kilichoandikwa kimo. Kipimo cha kawaida cha polisakaridi, cha fenoli na asidi ya salfuriki, huhesabu sukari zote bila kubagua. Ukiongeza maltodekstrini, unga wa bei rahisi utokanao na wanga, kopo litasomeka kuwa tajiri. Utafiti wa mwaka 2017 uliochunguza bidhaa 19 za lingzhi zilizouzwa Marekani ulikuta 5 tu zinalingana na lebo zao. Na usidhani udanganyifu wa minyororo ya sukari ni mchezo wa maduka madogo. Heparini ni polisakaridi ya wanyama, na mwaka 2008 shehena zilizotoka Uchina zilikutwa zimechanganywa na mnyororo mwingine uliofanana nayo kiasi cha kuvipita vipimo vilivyokuwa vikitumika; watu wakafa Marekani kabla hila haijagunduliwa. Ikiwa dawa ya hospitali iliweza kughushiwa hivyo, chunguza kopo lako kwa makini zaidi.

Lebo nzuri hutaja sehemu ya mmea au uyoga iliyotumika, huonyesha kuwa imetolewa kwa maji ya moto, na huandika beta-glukani peke yake bila kuichanganya na wanga. Ikisema asilimia 40 ya polisakaridi na kunyamaza, uliza zipi. Kwa unga wa uyoga, kuna jaribio la darasani unaloweza kulifanya nyumbani: koroga unga kidogo kwenye maji ya moto, subiri yapoe, dondosha iodini ya duka la dawa. Uyoga hauhifadhi wanga, kwa hiyo rangi ya buluu iliyokolea inaonyesha nafaka imeingia, ama kwa kuongezwa, ama kwa sababu kilichosagwa ni utando wa uyoga pamoja na nafaka uliyooteshwa juu yake. Jaribio hili halifai kwa mizizi, kwani mingi ina wanga wake wa asili, na halikamati maltodekstrini yote. Mwisho, tafuta namba ya usajili na namba ya toleo: Tanzania uliza TMDA au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, Kenya uliza Bodi ya Dawa na Sumu. Namba isiyopatikana kwenye daftari lao inatosha kukufanya urudishe kopo.

Matumizi na tahadhari

Ukiamua kutumia, chagua chungu kabla ya kapsuli. Huangqi kwa mujibu wa kitabu cha dawa cha Uchina ni gramu 9 hadi 30 kwa siku, anzia chini. Loweka vipande nusu saa katika chungu cha udongo au sufuria isiyoshika kutu, chemsha, punguza moto, acha vitokote dakika 40 hivi, chuja, rudia mara ya pili, uchanganye maji yote. Lingzhi ni ngumu kama ubao, hivyo huhitaji muda mrefu zaidi. Gouqi ziache ndani ya supu uzile nzima, maana ukinywa maji tu umeacha nyuzi zake kwenye chujio. Glukomanani ya konjac huvimba sana ikiguswa na maji: usiimeze kavu, kunywa na glasi moja au mbili za maji, usimpe mtoto wala anayepata shida kumeza, na iache mbali kwa saa kadhaa na dawa zako nyingine isije ikazizuia kuingia. Na kama shabaha yako ni lehemu au choo kizuri, oti na maharagwe yatakupa gramu hizo kwa bei ya sokoni.

Wapo wanaopaswa kusimama kabla ya kuonja. Anayetumia warfarini asinywe gouqi bila daktari kujua, kwani zimeripotiwa kesi za damu kuwa nyepesi kupita kiasi. Aliyepandikizwa figo na anayetumia dawa za kutuliza kinga, pamoja na mwenye lupasi, hawahitaji kitu cha kuamsha walinzi wanaopigania kuwalaza. Mwenye kisukari anayetumia dawa apime sukari mara kwa mara zaidi anapoanza. Mjamzito na anayesubiri upasuaji waache hadi waelekezwe. Anayeishi na VVU azingatie jambo moja: wataalamu wa tiba ya Kichina walishirikiana na Muhimbili kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI tangu 1987, miaka ambayo dawa nyingine zilikuwa bado hazijawafikia wagonjwa wengi, lakini kilichogeuza ugonjwa huo kuwa wa kuishi nao ni ARV. Hakuna polisakaridi inayostahili kuchukua nafasi ya kidonge hicho hata siku moja.

Kabla ya kutoa pesa, chukua karatasi uandike mistari minne: jina kamili la mmea na sehemu iliyotumika, gramu za polisakaridi kwa siku, njia, mdomo au mshipa, na ugonjwa ambao watu, si panya, walipimwa kwa njia hiyo na gramu hizo. Mpe muuzaji aijaze, kisha mpelekee mfamasia au daktari wako pamoja na orodha ya dawa unazotumia. Mistari yote ikijaa, mtakuwa na jambo la kujadili. Ikijaa wa kwanza tu, pika supu.